Amina ya Nthenya

Nthenya alikuwa fundi wa cherehani pale Kaloleni, mtu wa miaka thelathini na kitu, hana mume na hana haraka. Alishona sare za shule mlangoni kwake, pini mdomoni. Aliokoka mwaka wa sabini na tano, na tangu hapo akaamini kila mtu husikia sauti ya Mungu isipokuwa yeye. Wengine walikuja kwenye ushirika wa Alhamisi na maono mapya kama mandazi. Yeye akipiga magoti alisikia watoto wa jirani tu.

Nasi tulikuwa na desturi yetu. Mtu akisema "Bwana amenionyesha," tuliitikia "Amina" hata kabla hajamaliza. Ilikuwa adabu. Kumuuliza alikuwa amekula nini jana yake kungeonekana ni kupoa kiroho.

Alhamisi moja akasimama Phares, dereva wa lori, aliyefiwa na mke akaachiwa watoto wanne. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi hadi inakata.

"Bwana amenionyesha mke," akasema. "Ni dada Nthenya."

Tukaitikia Amina. Na Nthenya, aliyekuwa akiwaza mikono ya blauzi, akaitikia pamoja nasi. Tulipotoka tu, wanawake wakaanza kugawana kazi za arusi.

Akakimbilia kwa Mama Adoyo, mke wa mtu wa reli na mkubwa wetu katika ushirika. Alimkuta akichambua mboga.

"Mama, nimejioza kwa mdomo wangu."

"Nilikusikia. Sauti ilitoka vizuri. Unamtaka?"

"Simtaki. Lakini kama Mungu amesema, mimi ni nani?"

"Wewe ndiwe wa kuolewa. Mungu amekosa njia ya kuja kwako mpaka apande lori?"

"Mimi haniambii kitu, mama."

"Na kile kitambaa ulichomrudishia mteja wako Syombua, naye hakujua kimebaki? Nani alikuambia?"

"Hiyo ilinisumbua moyoni tu."

"Ilikupigia kelele?"

"Hapana. Ilikaa tu. Nikishona ipo, nikipika ipo. Nilipomrudishia nikapumua."

"Basi sauti unaijua, ila unangoja ngurumo. Kaombe juu ya jambo hili, usome Neno, kisha unyamaze. Usimpangie Mungu jibu lako, wala letu sisi wapika pilau."

Wiki hiyo Nthenya alifunga mlango kila mchana, wateja wakagonga wakachoka. Mwanzoni alisikia hofu yake tu: watu watasema nini, nitazeeka na nani. Alinyamaza mpaka hofu ikaishiwa maneno. Kilichobaki kilikuwa kitulivu na hakikuondoka: usiitikie neno ambalo sijakuambia.

Alhamisi iliyofuata akasimama kabla ya wimbo wa kwanza.

"Ndugu zangu, ile Amina yangu ilikuwa ya mazoea. Naiondoa. Sitaolewa na ndugu Phares."

Phares akainuka. "Dada, unapingana na Bwana?"

"Nimemuuliza mwenyewe. Jina langu analijua, na mlango wangu anaujua. Amenikataza kuitikia ambalo hajaniambia."

"Kwa hiyo mimi amenidanganya?"

"Hayo ni yako, kamuulize. Mimi nimeuliza yangu."

Mmoja wetu akanong'ona kwamba hicho ni kiburi. Mama Adoyo akamwangalia mpaka akapata kikohozi, kisha akasema tuimbe.

Katikati ya wimbo likamjia Nthenya neno jingine, tulivu vile vile, na hili hakulipenda hata kidogo. Aliimba ubeti mzima akilikwepa. Lilikaa tu. Chai ilipoletwa, akaenda kusimama mbele ya Phares, ambaye alikuwa amenuna kwenye kona.

"Watoto wako wanaenda shule magoti nje," akamwambia. "Walete kesho niwapime."

Phares akamtazama kutoka chini ya nyusi. "Na hilo ni Bwana amekutuma?"

"Ni yeye. Kwa hiari yangu ningekuwa nimeketi pale nakunywa chai."

Akawaleta.