Swichi za Shaba za Shangazi

Mara tatu siku ile nilipita mbele ya nyumba ya shangazi yangu, na mara tatu sikuingia. Kwanza nilijifanya nakwenda sokoni. Kisha nilijifanya narudi kutoka sokoni. Mara ya tatu sikuwa na la kujifanya, nikasimama tu kwenye kona ya mtaa nikihesabu mabati ya paa la jirani.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na swichi saba za shaba nilizozifunga kwa mikono yangu, na nilijua hazikustahili kuwa pale.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikawekwa kwa fundi wa umeme hapa Ngamiani, mzee wa Kibondei, nikakaa naye miaka mitatu. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, alipoamua kuingiza taa za stimu nyumbani kwake, fundi aliniambia, "Nyumba ya nduguyo ifunge wewe. Mimi nitakuja kutazama tu." Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu.

Fundi alinifundisha kuukunja waya kabla ya kuununua. Upo waya wa mpira uliokaa dukani karibu na dirisha mpaka ukakauka. Ukiukunja, mpira unafanya nyufa ndogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Huo uache, hata ukiuzwa rahisi, maana chini ya mabati ya Tanga haumalizi kiangazi kimoja. Mimi nilichagua ulio laini, wenye nyuzi mbili ndani. Palikuwa na mwingine wa nyuzi tatu, wa tatu ukiwa mtupu, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Fundi alisema kwa taa peke yake, zenye swichi nyeusi zisizopitisha umeme, nyuzi mbili zinatosha.

Nikapigilia mbao nyembamba za mvule ukutani, nikalaza waya juu yake, nikaubana kwa vibati kila baada ya shibiri moja. Niliipenda kazi ile. Siku nzima hakuna aliyenitaka niseme neno. Mkaguzi wa umeme akaja, akapima, akaridhika, na nyumba ikawaka.

Siku tatu baadaye shangazi aliniita. Alikuwa ameketi mkekani na wageni wawili wanakunywa kahawa, na mbele yake pana kifurushi cha gazeti. Alikifungua taratibu. Ndani mlikuwa na swichi saba za shaba, zimenakshiwa maua pembeni. Alikuwa ameziagiza Mombasa kwa mtu aliyepitia mpakani Horohoro. Zamani aliwahi kuziona Pangani, katika nyumba ya Mwarabu mmoja mwenye mashamba ya minazi, alikokuwa akienda kushona nguo, na hakuzisahau.

"Ziondoe hizo nyeusi," aliniambia. "Zimekaa ukutani kama kunguni."

Wageni walicheka. Mimi nilikuwa najua la kusema. Swichi ya shaba inautaka ule waya wa tatu, la sivyo umeme ukivuja ndani yake unausubiri mkono wa mtu. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Lakini dada wa baba yako humwambii kwamba alichokipenda hakifai, tena mbele ya watu. Nikasema, "Ndiyo, shangazi." Nikazifunga zote saba kabla ya adhuhuri. Fundi wangu sikumwambia.

Wiki zikapita, halikutokea jambo, kwa kuwa ukuta ulikuwa mkavu. Mimi ndiye sikutulia. Nilikuwa nainuka kwenye sahani kabla chakula hakijaisha. Nikitumwa dukani, narudi mikono mitupu. Mama aliniuliza, "Umeona mchumba? Mbona hukaliki?" Nilitoka nje ili nisijibu.

Ukafika Mfungo Sita. Kila mwaka shangazi husomesha Maulidi nyumbani kwake, na kabla ya Maulidi nyumba lazima ipigwe chokaa. Chokaa yetu hutiwa chumvi ili ishike ukutani, isibakie mabegani mwa watu. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, na halikunijia kichwani mpaka asubuhi ile nilipokutana njiani na mpiga chokaa, mtu mzima wa Maramba, ana debe kichwani na brashi ya mkonge mkononi.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Naenda kwa shangazi yako. Mwaka huu anataka ukuta ung'ae mpaka wageni wafumbe macho."

"Chumvi umetia?"

"Chokaa isiyo na chumvi ni uji wa mgonjwa," alisema. "Nimetia vibaba viwili."

Aliondoka akipiga mluzi. Chumvi na maji, na brashi ya mkonge inayodondosha kila upande, juu ya swichi saba za shaba. Hapo ndipo nilipoanza kupita na kupita. Nilipanga nitakavyosema. Nikifika mlangoni, nasikia sauti za wanawake wakimenya vitunguu uani, na mpango wote unanitoka.

Nilikuwa bado kwenye kona niliposikia ndani mtu anapiga yowe, kisha anacheka. Niliingia mbio.

Mpiga chokaa alikuwa juu ya meza ya mbao, anajikung'uta mkono. "Kijana," alisema, "swichi za shangazi yako zina wivu. Nimeipitishia brashi moja tu, ikanifinya mpaka kwenye kiwiko."

Meza ile ilikuwa kavu, ndiyo iliyomwokoa. Nilitazama sakafu ya saruji iliyolowa chokaa, nikatazama miguu yake isiyo na viatu.

"Usishuke," nilimwambia. "Usiguse kitu." Sikuwa nimewahi kumwamuru mtu mzima.

Nilikimbia kwa fundi, naye hakuwepo, nikachukua taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili ndefu. Waya mmoja niliufunga kwenye bomba la maji uani, wa pili nikaugusisha kwenye shaba. Balbu ikawa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Nikajaribu swichi ya chumba cha kulala cha shangazi. Pale iliwaka zaidi, maana chokaa ya huko ilikwisha kupenya ndani. Nikaenda kwenye sanduku la umeme, nikazima, nikang'oa fyuzi, nikamwambia mpiga chokaa sasa anaweza kushuka.

Shangazi alinikuta na fyuzi mkononi.

"Hizo unazipeleka wapi?"

Nilizikaza kiganjani.

"Zirudishe, baba. Mtaa mzima nimewaambia Maulidi ya mwaka huu yatasomwa kwa stimu. Watu wanatoka Pangani."

Wanawake walikwishajaa mlangoni, visu vya vitunguu mikononi. Mmoja akasema, "Muacheni kijana wa watu. Stimu imempiga ulimi." Wakacheka. Shangazi hakucheka. Alinyoosha mkono nimpe fyuzi.

Maneno yalikataa kutoka. Nilichoweza ni kutandika mkeka mkavu, kumwonyesha shangazi asimame juu yake, na kuwaashiria wengine wabaki mlangoni. Nikarudisha fyuzi, nikawasha sandukuni. Nikaushika waya wa kupimia penye mpira wake, nikaugusisha kwenye swichi ya chumbani kwake. Balbu ikawaka. Nikauondoa, ikazimika. Nikaugusisha tena.

"Hapo ilipo taa hii," nilisema, "ndipo ungekuwa mkono wako."

Nilizima na kung'oa fyuzi tena. Shangazi alikuwa bado anaitazama ile swichi.

"Umelijua hili leo?"

"Hapana, shangazi. Tangu siku uliyonipa zile swichi."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya."

"Haya yako ingenivika sanda, mwanangu," alisema polepole. "Halafu ungekuja kunizika kwa adabu."

Akarudi uani kwenye masufuria yake. Maulidi yalisomwa kwa karabai mbili za kuazima. Nilisikia mgeni akimtania, "Bibi, stimu yako iko wapi?" naye akajibu, "Imelowa, inakauka." Hakunitaja. Afadhali angenitaja. Nilikaa nyuma kabisa, pilau ikapoa mbele yangu, nikaondoka kabla ya ubani kuzimika.

Kesho yake nilimweleza fundi yote. Alimaliza kwanza kukaza skrubu aliyokuwa akiikaza. Kisha akasema, "Utaing'oa nyumba nzima, uifunge upya kwa waya wa nyuzi tatu. Na mkaguzi atakapokuja utamwambia ulibadilisha swichi nyuma yake. Mimi sitakuwepo."

Mkaguzi nilimwambia. Sikumbuki nilisema vipi, nakumbuka tu nilikuwa natazama viatu vyake, na aliandika muda mrefu.

Kazi ilichukua siku nane. Shangazi alileta mkeka wake akakaa nyuma yangu siku zote nane, akichambua mchele. Kila nilipomaliza kipande aliuliza, "Na hapo, una la kuniambia?" Nikisema hapana, anauliza tena. Basi nikaanza kusema. Nilimwambia bati la pembeni linavuja, waya usipite hapo. Nilimwambia taa ya bafuni swichi yake ikae nje ya mlango. Nilimwambia mpangaji wake wa chumba cha uani asitundike kanzu kwenye waya. Sehemu nyingine alibisha, nami ikabidi niseme mara ya pili.

Siku ya mwisho mpiga chokaa alirudi kumalizia ukuta. Nilikuwa nimechora kwa penseli mstari kuzunguka kila swichi ya shaba, upana wa kiganja. Nilimsogelea, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba brashi isivuke mstari ule, na chumvi asitie.

"Sikusikia," alisema shangazi kutoka mkekani.

"Nilikuwa namwambia yeye, shangazi."

"Na mimi ndiye ninayelala humu."

Mpiga chokaa alishusha debe lake akangoja. Wanawake wawili waliokuwa barazani waligeuka kututazama. Nikasema tena, yote, tangu mwanzo, mpaka wa barazani wakasikia.