Mjukuu Wangu Kwenye Safu ya Lelemama

Mwaka ule vitunguu viliadimika Maskati, hata biriani ya harusi ikapikwa bila vitunguu. Mjukuu wangu alitaka kucheza lelemama harusini kwa dadake. Hii ngoma yetu wanawake wa Unguja husimamwa safu moja, inacheza mikono, kichwa kimetulia. Akikosea mmoja, safu nzima imeharibika. Yeye kazaliwa huku, basi anarusha nywele kama wasichana wa huku. Nikasimama nyuma yake, nikamshika viganja, nikamwendesha polepole. Wapi.

"Toka safuni, mwanangu. Kapange sahani."

"Sitoki, Bibi. Nifundishe tena."

Wenziwe wakamcheka, hakununa. Kufika Ijumaa shingo imetulia, mikono inaelea. Ujana wangu sikucheza vile. Nikamwambia, "Umeshajua, nenda kapumzike."

"Sitoki, Bibi. Nifundishe tena."