Sentensi Waliyoifuta

Siku yangu ya kwanza katika Idara ya Sheria ya benki, Mkuu wa Idara hakunipa hata kiti. Alinipa rundo la hati za rehani, zile karatasi ambazo kwazo mkopaji huiweka nyumba yake chini ya benki mpaka amalize deni, akaniambia nikasimame dirishani nizisome hadi nielewe kwa nini kila moja iliandikwa kwa woga. Alikuwa na haki. Kazi ya mwanasheria wa benki ni kuogopa kwa niaba ya wengine. Nyie mnaoanza leo mnapewa kompyuta asubuhi hiyohiyo, na kuogopa hamfundishwi na mtu.

Kisha zikaja zama za ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Mikopo ikaanza kuingia kwa dola, na mikataba yake ikasema kwamba mzozo wowote utaamuliwa kwa sheria za Uingereza. Pale idarani tulikuwa tunaisoma kama watu wanaosoma maelezo ya dawa wasiyoijua. Mkurugenzi Mtendaji akaamua mmoja wetu apelekwe nje kusomea shahada ya uzamili katika sheria za benki na fedha za kimataifa, na nikachaguliwa mimi, mtoto wa Temeke, binti wa muuza maandazi. Nyumbani walinisomea dua. Mjomba Shomari, kaka yake mama, fundi mitambo katika kiwanda cha sabuni kule Chang'ombe, alimwambia kila aliyekuja kula pilau kwamba sasa ukoo una wakili wa dunia nzima.

Nilisoma kwa uroho, na sijawahi kuwa na furaha kama ya mwaka ule. Nilijifunza mkopo wa pamoja, ambapo benki kadhaa hushirikiana kumkopesha mtu mmoja ili hasara isiiangukie benki moja peke yake. Nilijifunza zaidi kuhusu maoni ya kisheria. Hii ni barua ambayo mwanasheria wa nchi ya mkopaji humwandikia mkopeshaji aliye mbali, akimhakikishia kwamba mkataba ni halali na dhamana ni safi. Bila barua hiyo, fedha hazitoki. Ndani yake mna kitu kinaitwa angalizo, mahali ambapo mwanasheria anasema waziwazi jambo asiloweza kulithibitisha. Mhadhiri wetu alituambia kwamba mwanasheria hupimwa kwa maangalizo yake, na mimi nikamwamini.

Faili la kwanza nililokabidhiwa niliporudi lilikuwa la kiwanda kilekile cha sabuni. Kupitia benki yetu, kilitaka mkopo wa nje kununua mitambo mipya, na dhamana ilikuwa kiwanja chote, pamoja na nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma yake. Nyumba hizo nilizijua tangu nacheza rede. Mjomba na wenzake walikuwa wakikatwa mshahara mwaka baada ya mwaka ili ziwe zao, ila hati walikuwa hawajapewa. Barua niliyotakiwa kusaini ilisema hakuna mtu mwingine mwenye haki juu ya kiwanja kile. Nikaongeza sentensi moja: isipokuwa wafanyakazi wanaozinunua nyumba wanamoishi.

Mkuu wa Idara akaniita.

"Bibie, hili angalizo liondoe."

Nikamwambia nikiliondoa nitakuwa nimesema uongo.

"Unadhani tulikupeleka Ulaya ukasome?" akasema, bila hata kukasirika. "Tulikupeleka ili wale wazungu waikubali sahihi yako. Kusoma ungesoma hapahapa."

Nilitoka mle ofisini na hasira, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Ijumaa ile nilikwenda Chang'ombe. Kila mfanyakazi wa benki hula kiapo cha siri, kwamba mambo ya mteja hayatoki nje, na anayekivunja anaweza kuishia jela. Basi nikasema nilichoweza. Nikamwambia mjomba wafuatilie hati za nyumba, watafute wakili, na wasichelewe. Akacheka.

"Wakili wa nini tena, mwanangu? Sie wakili wetu tumempeleka Ulaya. Mie nimeshawaambia wenzangu watulie, mtoto yumo ndani."

Nikarudia mara ya pili. Akanimiminia kahawa.

Sikusaini. Nikahamishiwa tawi la Ukonga, shahada yangu ikafanya kazi ya kushuhudia rehani za mabanda ya kuku. Barua akaisaini wakili wa mjini. Maneno yalikuwa yangu yote, ila sentensi moja haikuwemo. Kiwanda kikashindwa kulipa, kiwanja kikauzwa, nyumba zikavunjwa. Temeke nzima ikasema ni mimi niliyeziuza, kwani nani mwingine alikuwa amesomea mambo hayo? Mama akienda msibani, watu walimsusa. Mkuu wa Idara alipandishwa cheo, na alipostaafu akaagwa kwa hotuba na zawadi ya saa. Mimi nilistaafu palepale Ukonga, na hotuba sikusomewa.

Vijana huja kuniuliza kama wakasome shahada ile. Huwaambia wakasome, ni elimu nzuri, ila wamuulize anayewalipia anataka kununua nini.

Baada ya kustaafu niliona kiapo kimenila vya kutosha. Nikamfuata mjomba Mbagala, katika chumba cha kupanga, mzee sasa, macho yamefifia. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote: angalizo, maneno ya bosi, nilivyokataa, nilivyoadhibiwa. Nilitaka angalau yeye ajue kwamba mikono yangu ni safi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ulijua," akasema. "Mie miaka yote hii nimekuwa nikigombana na watu, nawaambia mtoto yule hakujua."