Mama Friji, mshindi wa kila mnada

Saa nne kasorobo asubuhi, mwanamke wa makamo anapanda ngazi za ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Mkononi ana kikapu cha sokoni, na anatembea kama mtu aliyekuwa akijipitia zake, akasikia watu, akaamua kuchungulia. Ndani ya kikapu kuna nyanya nne na fungu la vitunguu. Hazipikwi leo wala kesho. Hizo ni nyanya za kazi.

"Bila kikapu watu hawakuamini," anasema. "Wakiona vitunguu wanajua huyu ni mama wa nyumbani, ametumwa na shida zake."

Anakaa mstari wa tatu. Mstari wa kwanza unatia shaka, wa mwisho hauonekani. Jukwaani kuna televisheni kubwa, majiko mawili ya gesi na friji nyeupe yenye mkwaruzo karibu na mpini. Mkwaruzo huo anaufahamu vizuri.

"Friji hiyo nimeanza kuinunua haijachubuka," ananong'ona, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Jina lake tumelihifadhi kwa ombi lake. Wenzake wanamwita Mama Friji, kwa sababu katika miaka miwili ameishinda friji hiyo kila siku ya mnada, mara nyingine mara mbili kwa siku. Nyumbani kwake hakuna friji. Maji yake ya kunywa yamo katika mtungi uliofunikwa kwa sahani.

Kazi yake, kujifanya mnunuzi, wenyewe wanaiita "mkono". Asubuhi hii mikono ni mitano, imetawanywa katikati ya watu wapatao sabini waliokuja baada ya kuokota kikaratasi barabarani: mali ya kiwanda kilichofungwa, bei ya kutupa, leo tu.

Dalali anaingia akiwa amefunga tai, sauti laini kama ya mchumba. Kwanza hauzi kitu. Anauliza tu, "Nani ananiamini?" Anashika kitana cha plastiki na kukiuza kwa sarafu moja. Anayenunua anarudishiwa sarafu yake na kitana anabaki nacho. Vinafuata vitana kumi, kalamu kumi, vikombe, na kila mara pesa inarudi. Ukumbi unaanza kucheka. Mwandishi wa makala haya, ambaye kichwani hana unywele hata mmoja, alitoka na kitana.

Kisha inakuja friji. Dalali anataka elfu tano tu, kwa mtu atakayetoa bila kuuliza maswali. Mama Friji anainua mkono. Anasita, anautazama mkoba wake, anatoa noti moja moja. Dalali anazihesabu, halafu anazirudisha. "Mama huyu ameniamini kabla ya kuona. Chukua friji, mama. Na pesa yako nayo chukua!"

Mama Friji anapiga ukelele, anashika kichwa, machozi yanamtoka. Watu wanasimama kupiga makofi. Katikati ya makofi hayo mtu mmoja anafunga mlango kwa ufunguo, ati tusisumbuliwe.

Baada ya hapo yanakuja maboksi yaliyofungwa kwa gundi. Bei sasa ni ya kweli, na hairudi. Baba mmoja mwenye koti la kahawia, aliyepata kalamu bure, anatoa bahasha nzima kutoka mfuko wa ndani. Saa sita kasoro robo mlango unafunguliwa, watu wanaambiwa mizigo yao mikubwa italetwa majumbani, na dalali haonekani tena.

Kwenye ngazi, baba yule analichana boksi lake. Ndani mna unga wa mbao, pasi isiyo na waya na saa mbili za ukutani zisizo na mashine. Anazigeuza saa zile kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kuweka betri. Mama Friji anampita na kikapu chake bila kumtazama.

Katika mgahawa wa nyuma ya ukumbi, chai ikipoa mbele yake, anaeleza kwa nini watu wazima, wenye akili timamu, huingia mle wakatoka hivyo.

"Mnaandika kwamba ni tamaa. Haya, tamaa ipo, tusidanganyane. Lakini mimi nawaona usoni, wewe huwaoni. Mtu tangu azaliwe hajachaguliwa kwa lolote. Kazini haonekani, nyumbani anaonekana chakula kikikosekana. Leo dalali anamnyooshea kidole: wewe dada wa kitambaa cha bluu, wewe una moyo! Basi, huyo kwisha."

Anakoroga chai isiyo na sukari.

"La pili ni aibu. Umeshainua mkono, watu sabini wanakuangalia. Kuushusha ni kusema mbele yao wote kwamba huna kitu. Utashusha wewe? La tatu ni mimi. Wananiona nimeshinda, mtu kama wao, na vitunguu vyangu."

Anajua anachosema, maana alianza akiwa mteja. Alikuwa mfua nguo, elfu mbili kwa mzigo, mpaka magoti yalipogoma kukaa chini kwenye beseni. Mumewe alikuwa amekwishafariki. Siku moja aliingia ukumbini akiwa na kodi ya nyumba, akatoka na boksi la matofali yaliyofungwa kwenye sponji.

Kesho yake alirudi kulia. Walikuwa bado hawajahama. Mkubwa wao alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Unalia vizuri sana, mama. Kesho njoo ulie kwa furaha." Ujira ni elfu sita kwa siku, na chai.

"Nilikubali palepale. Usiniulize dhamiri ilikuwa wapi. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni."

Sheria ya kazi ni moja, na wanakumbushwa kila asubuhi: ukumbini humjui mtu, hata awe ndugu yako wa damu. Anaitaja sheria hiyo, kisha anasukuma kikombe pembeni. Mwandishi anadhani mazungumzo yamekwisha na kuanza kufunga daftari.

"Mdogo wangu aliingia," anasema.

Mdogo wake ni fundi cherehani. Anaishi na mama yao katika vyumba viwili, na mama ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Kwa mwaka mzima dada hao wawili walikuwa wakichanga fedha za kumpasulia, wakiziweka katika kopo la vifungo chini ya meza ya cherehani. Mdogo mtu hakujua dada yake anafanya kazi gani. Alijua amepata kibarua cha usafi ofisini.

Ilikuwa Ijumaa, miezi minane iliyopita. Fedha zilikuwa zimetimia, na mdogo mtu alikuwa njiani kwenda kuzilipa hospitali ili mama alazwe Jumatatu. Akapita chini ya ukumbi, akasikia vicheko, akapanda.

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshinda friji. Natazama mlangoni, namwona. Na yeye, masikini, aliponiona nimesimama na dalali ananirudishia pesa, alinipigia vigelegele. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa akinifurahia kwa dhati ila yeye."

Maboksi yalipofika, mdogo wake akainua mkono. Mama Friji akageuka, akamkazia macho na kutikisa kichwa: usithubutu. Mdogo wake akakunja uso, akauinua mkono juu zaidi.

Hapo pana jambo ambalo mtu wa nje asingelijua. Tangu utotoni, gauni jipya lilikuwa la dada, na mdogo alilivaa likishachakaa. Ushonaji wenyewe alijifunza kwa kuyapunguza magauni ya dada yake. Kipande kikubwa cha mkate kilikuwa cha dada, kitanda cha ukutani cha dada. Alipoona kichwa kile kinatikisika, alielewa kile alichokielewa maisha yake yote.

"Alidhani nataka vyote viwe vyangu. Aliniambia tukishuka ngazi, kabla hajafungua boksi, tena kwa kucheka: dada, friji umeshapata, televisheni nayo ukaninyima? Mungu wangu! Nilikuwa namwokoa, na yeye akaona namnyang'anya."

Kwa nini hakusimama akapiga kelele?

"Hilo swali najiuliza nikiwa nafua, nikiwa napika, nikiwa nimelala. Jibu lake ni fupi. Niliogopa kukosa kazi. Nikasema moyoni, atanunua boksi moja, zitabaki. Dalali akamwambia ongeza upate na televisheni. Akaongeza. Akamwambia malizia upate na jiko. Akamalizia. Alikuwa anapiga hesabu ya kuviuza, mama apasuliwe, na abaki na cha kumnunulia miwani."

Jioni ile Mama Friji alikwenda kwa mama yao. Alimkuta mdogo wake ameketi sakafuni, unga wa mbao umetapakaa hadi kwenye cherehani. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa hili: "Dada, friji yako wameleta?"

"Nikasema hawajaleta. Neno moja hilo. Akanikumbatia. Akasema wametuibia sote, pole dada yangu. Akanipa pole. Mimi!"

Analia sasa, na hiki si kilio cha ukumbini. Huku hakuna ukelele. Anajifuta kwa kitambaa kile kile anachofunikia nyanya.

Mama yao aliambiwa daktari amesafiri. Mwezi uliofuata akaambiwa mashine ya hospitali imeharibika. Mama, ambaye hajawahi kuwashuku wanawe, aliwaombea wote, daktari na mashine. Mwezi uliopita hatimaye alipelekwa kupimwa. Jicho la kushoto limekwenda kwa presha ya macho na halitarudi. La kulia bado linaweza kuokolewa, lakini daktari alisema wasicheleweshe tena.

Mdogo mtu sasa anashona mpaka vidole vinavimba. Mama Friji naye anachanga, na anachochanga kinatoka ukumbini.

"Najua," anasema kabla hajaulizwa. "Usinihubirie. Yule baba wa koti la kahawia, unadhani bahasha ile ilikuwa ya nini? Naye ana mtu wake mahali. Jicho la mama yangu nalitafuta kwenye mfuko wake. Ukiniambia pengine pa kulitafuta, kwa magoti haya, nitakwenda leo hii."



Ofisa mmoja wa polisi aliyeulizwa kuhusu minada hiyo alisema shida ni walalamikaji: wengi wanaona haya kueleza kwamba walitoa pesa kununua boksi wasilolijua. Wachache wanaofika huambiwa walete stakabadhi. Wakati wanaitafuta, dalali amekwishahamia mtaa mwingine na tai nyingine.

Mama Friji amekwenda kwa mdogo wake mara nne kwa nia ya kusema ukweli. Mara zote nne alishindwa. Siku hizi mama humtambua mgeni kwa kumpapasa uso, na akishapapaswa, anasema, maneno yote yanamkauka. Mara ya mwisho mama alimwambia amekonda, ale vizuri.

Kwa hiyo ana mpango mwingine, na ndiyo sababu alikubali kuzungumza na gazeti.

Mdogo wake hununua magazeti ya zamani kwa kilo. Huyakatia vipimo vya nguo kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Lakini kabla ya kutia mkasi humsomea mama, maana mama alikuwa msomaji na sasa hawezi. Humsomea kila ukurasa, hata matangazo ya viwanja.

"Litamfikia tu. Likichelewa, mwakani. Wewe andika vigelegele. Andika na nilivyotikisa kichwa. Akifika hapo atajua ni mimi."

Tulimuuliza kama angependa tuweke onyo mwanzoni, ili mdogo wake asisome kwa sauti. Nje, mtu alikuwa akigawa vikaratasi kwa wapita njia, na wengine walikuwa wameshaanza kupanda ngazi.

"Usiweke," alisema. "Mama naye asikie. Macho yalikuwa yake."

Ilikuwa inakaribia saa nane, kikao cha mchana. Alisimama kwa kushikilia meza, akapanga nyanya zake upya ili ile iliyooza iwe chini, akachukua kikapu. Tulimuuliza anatumaini nini, siku gazeti hili likimfikia fundi cherehani.

"Anifukuze. Anitukane. Akitaka asinizike. Yote hayo ni haki yake," alisema. "Ila asinipe pole tena."