Siku Niliyovaa Kanga ya Mama Mkwe

Nisiposimulia mwenyewe atawasimulia binamu yangu Kalisti, na yeye akishika habari anatia chumvi mpaka mchuzi haulambiki, kwa hiyo bora mnisikie mimi: ndiyo, ni kweli, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nilisimama nimejifunga kanga ya mama mkwe wangu, na chini ya hiyo kanga sikuwa na kitu. Haya, chekeni mmalize, halafu niendelee.

Miaka ile ya sabini, watu wakihamia vijiji vya ujamaa, kazi yangu ilikuwa miti. Si kukata kuni wala kupasua mbao, hapana, hiyo kila mwenye shoka anaweza. Mimi niliitwa pale mti ulipoinamia nyumba na wenyewe wameshindwa, maana ukiuangusha unaangukia paa na ukiuacha mvua ya kwanza yenye upepo inauangusha yenyewe, basi mimi napanda na msumeno mgongoni na kamba ya katani kiunoni, naukata vipande vipande na kuviteremsha kwa kamba, polepole, kama mtu anayeshusha mgonjwa kitandani. Nilifundishwa na fundi mmoja aliyekuwa akisafisha miti kandokando ya reli ya Mpanda, mtu mkali, aliyenipiga kofi siku nilipokata tawi kwa juu bila kulitangulizia mkato wa chini (ukifanya hivyo tawi linachana na gome la mti mzima, unaacha kidonda kisichopona). Na kanuni yake ya kwanza kabisa ilikuwa hii: kabla hujapanda, ugonge mti kwa kisogo cha shoka, kuanzia chini, uzunguke, usikilize. Mti mzima unajibu kwa sauti nzito. Wenye uwazi ndani unalia kama debe. Nilikuwa sipandi bila kugonga. Isipokuwa siku hiyo.

Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Kasokola, jina nalibania kwa sababu ndiko alikozaliwa mke wangu na bado nina safari za kwenda. Watu walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao, matofali wamefyatua wenyewe, bati wamechangishana mahindi na mpunga mpaka likapatikana, na zahanati ikasimama pembeni ya mti mkubwa wa mtundu, mti wa nyuki kama mnavyojua, na utundu wake ulikuwa tawi moja nene kama mwili wa ng'ombe lililolala juu kabisa ya chumba cha akina mama wa kujifungulia. Mganga wa wilaya akaja kukagua, akatazama juu, akasema hafungui zahanati chini ya kitu kama kile. Tawi litoke, bati libaki zima, ndipo atamleta mkunga. Mvua zilikuwa zinanukia. Wajawazito wa pale walikuwa wanabebwa kwa baiskeli hadi mjini, na mmoja alikuwa amejifungulia njiani msimu uliopita na mtoto hakuishi. Kwa hiyo nilipoitwa nilijua nimeitiwa nini, na niliapa moyoni kwamba lile tawi litashuka na hakuna bati litakalopata hata mkwaruzo.

Kalisti ndiye aliyekuwa mshika kamba wangu. Ni mtoto wa shangazi yangu, na mnajua binamu kwa binamu kwetu ni watani, hakuna kununa, anaweza kukutangazia msiba wako mwenyewe ukiwa hapohapo unakula. Wiki moja kabla ya siku hiyo nilikuwa juu ya mkaratusi, akapiga kelele, "Binamu, nyoka! Nyuma ya shingo yako!" Nikashuka na ule mti kwa kifua, ngozi ikabaki kwenye gome, nafika chini namkuta amekaa anatafuna muwa. Watu walicheka siku tatu. Nikaapa mbele yao wote kwamba sitashuka tena mtini kwa neno la Kalisti, hata aseme mti unaungua.

Asubuhi ya kazi watu walikuwa wengi. Wanaume walikuwa wanachimba choo, wanawake wako ndani ya zahanati wanasiliba kuta kwa udongo uliochanganywa na majani, na miongoni mwao alikuwamo mama mkwe wangu, Mama Restituta. Nilipotambua kwamba yumo nilishusha kofia machoni nikapita kwa nyuma, kwa sababu mkwe hatazamwi. Tangu nioe nilikuwa sijawahi kusimama naye uso kwa uso, tulisalimiana kwa mbali, yeye ndani mimi nje nimechuchumaa, na maneno yetu yalipitia kwa mke wangu.

Naanza kupanga kamba, Kalisti akanijia taratibu.

"Binamu, huko juu leo kuna wenyewe."

"Nani? Nyoka wako amehamia huku?"

"Nyuki. Wanakunywa maji kwenye lile pipa la kukandia udongo, wakishiba wananyooka moja kwa moja kwenye tawi. Nimewafuata kwa macho."

Nikacheka. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Deogratiasi, sikutanii. Gonga mti."

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulivyofanya kazi. Kalisti hakuwahi kuniita Deogratiasi tangu tubatizwe. Mtu mwenye akili angesema, leo huyu kaacha utani, ngoja nisikilize. Mimi nikasema, aa, leo kajipanga, hii ndiyo kubwa kuliko zote! Nikatazama, wachimba choo wameegemea majembe wanatusikiliza huku meno nje. Nikaona kabisa kwamba nikigonga tu, mti ukajibu kwa sauti nzito, kicheko chake kitafika Ikola ziwani. Basi sikugonga. Nilirusha kamba juu ya panda, nikapanda.

Na kazi ilianza vizuri, msifikiri mimi si fundi. Nilifunga kamba nene katikati ya tawi, nikaipitisha kwenye panda ya juu ikashuka hadi chini, ambako Kalisti aliizungushia shina la msuku uliosimama jirani ili shina libebe uzito na yeye abaki na kazi ya kuachia kidogokidogo. Nikafunga kamba ya pili, nyembamba, kwenye ncha ya tawi, hiyo ni ya kuongozea, mtu anaivuta pembeni ili tawi likining'inia lisiende upande wa paa. Aliyepaswa kuivuta ni mimi mwenyewe, nikishashuka. Nikapiga mkato wa chini, safi. Nikageukia wa juu, msumeno ukaanza kuimba, unga wa mbao unamwagika, halafu ghafla ukawa mwepesi kama unakata mkate, na unga uliotoka ulikuwa na nta.

Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Tawi likapasuka, likaachana na mti, likaning'inia kwenye kamba ya Kalisti, na pale lilipokuwa limeshikana na shina pakafunguka tundu ambalo ungeweza kuingiza mtoto, na ndani ya tundu wenyewe wakatoka.

Jamani, sisi ni watu wa asali. Baba yangu alitundika mizinga, babu yangu alitundika mizinga, nimelelewa kujua kwamba nyuki wakitoka unatulia, hupigi mikono. Nilipiga mikono. Nilipiga hata miguu. Wakaingia ndani ya shati, nikalirusha shati. Wakapandia kwenye kaptura, nikaanza kuteremka kwa kamba huku navuta kaptura, kaptura ikanasa kwenye kisiki cha tawi nililokata mwenyewe dakika chache kabla, mimi nikaendelea kushuka, yenyewe ikabaki juu inapepea kama bendera. (Chupi wakati ule ilikuwa nguo ya Jumapili. Msiniulize zaidi.) Nilipogusa ardhi wachimba choo wamekwishatokomea kwenye mashamba, nikaona mlango mmoja tu mbele yangu, mlango wa zahanati, nikausukuma kwa bega nikaingia na kuufunga kwa mgongo.

Wanawake wote wakageuka.

Sitawaeleza zile kelele. Nilichokiona mimi ni mama mkwe wangu peke yake, ameshika donge la udongo, tunatazamana. Kisha akageukia ukuta, akafungua kanga yake ya juu, akainyoosha nyuma bila kuangalia, mwenzake mmoja akaipokea akanitupia. Nikajifunga. Nilitamani sakafu ile mbichi inimeze, na nilikuwa nimeikanyaga tayari, nyayo zangu zimejipanga kutoka mlangoni.

Ndipo nikasikia sauti ya Kalisti nje.

"Deo! Linanishinda, Deo!"

Nikachungulia dirishani. Wanaume wote wamekimbia, Kalisti amebaki. Amezungushia kamba mkononi, kisigino amekikita kwenye mzizi, nyuki wamemtanda kichwa mpaka shingoni na hawezi kujipangusa kwa sababu akitoa mkono tawi linaingia ndani kupitia bati. Na tawi lilikuwa linazunguka polepole, ncha yake inapapasa paa juu ya vichwa vyetu, krr, krr. Kamba ya kuongozea inaburuzika chini, haina mtu. Mtu wake yuko ndani na kanga.

Naapa, aibu ya uchi ilikuwa si kitu tena. Yule niliyemkatalia maneno yake ndiye anayeumwa kwa ajili yangu, na mimi bado niko dirishani.

Mama Restituta alikuwa ametoka mlango wa nyuma walikopikia uji, akarudi na kijinga cha moto, akakumbatia fungu la majani ya kusilibia, yale yenye unyevu, akayawasha mpaka yakatoa moshi mzito. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni, na yakawa maneno yake ya kwanza kwangu ana kwa ana tangu nimuoe binti yake.

"Baba, lile bati ni letu. Toka."

Nikatoka. Yeye mbele na moshi, mimi nyuma na kanga. Alikwenda moja kwa moja akamzungukia Kalisti kwa moshi, kichwani, mgongoni, na mimi nikaikamata kamba ya kuongozea, nikaivuta kwa nguvu zote, mkono mmoja kamba, mwingine fundo la kanga, nikaona haiwezekani, mtu hawezi kulinda vyote viwili. Nikachagua kamba. Nikashika kwa mikono miwili nikasema kanga ifanye inavyotaka.

"Achia!" nikamwambia Kalisti. "Kidogo! Ngoja! Achia!"

Naye macho yamevimba haoni, anafuata sauti yangu tu, anaachia, anakaza, anaachia. Tawi likatoka juu ya paa, likashuka, likalala chini bila kugusa hata tofali. Bati zima. Fundo la kanga nalo lilishikilia, namshukuru Mungu, kwa shida sana.

Wanaume walipoona salama wakarudi, na vicheko vikaanza. Mmoja akasoma kwa sauti maandishi ya kanga yaliyonikaa matakoni: UTAONA MWENYEWE. Kalisti, uso kama boga, akauliza, "Imeandikwaje? Someni tena, mimi sioni." Wakamsomea. Akataka tena.

Mkunga aliletwa, zahanati ikafunguliwa kabla ya mvua. Nilipeleka mbuzi kwa mama mkwe kufuta aibu, pamoja na kanga iliyofuliwa. Mbuzi alimpokea. Kanga alikataa, akatuma neno kwa mke wangu kwamba nibaki nayo, hawezi kuivaa tena bila kunikumbuka.

Kwa Kalisti nilikwenda siku ya pili. Alikuwa amelala, jicho moja ndiyo kwanza linafunguka. Nikakaa kitako, nikamwambia moja kwa moja, binamu, uliniambia kweli na sikukusikiliza, nisamehe. Akajifunika shuka usoni, nikafikiri analia.

"Kwani kulikuwa na nyuki?" akasema. "Mimi nilikuwa nakutania tu."

Basi, ninyi mashahidi. Tangu siku ile Kalisti akiniambia mti una nyuki, una nyuki, hata uwe nguzo ya simu. Nagonga, nasikiliza, na kama nimeshapanda nashuka, watu wacheke wachoke, kisha napanda tena. Kushuka mwenyewe si aibu. Aibu ni kushushwa, na kaptura ikabaki juu.