Maneno ya Baba Yaliyokatwa

Miaka miwili baada ya kumzika baba, nilimsikia akizungumza ndani ya wimbo wa disko, katika duka la kurekodi nyimbo mjini Bwera.

Nilikuwa nimetoka Kasese kujaza nyimbo za sherehe za kiangazi kwenye memori kadi. Mwenye duka alikuwa amechukua disko za zamani, akarefusha ngoma, akaongeza besi, akapunguza maneno. Nilizipenda mara moja. Katika wimbo wa nne gitaa lilinyamaza, mwanamume akakohoa na kusema, "Huu ni wa mke wangu, kwa sababu..." Ngoma zikamfunika. Baba alipiga gitaa katika bendi ya wachimba mgodi kabla sijazaliwa, na kikohozi kile nilikijua.

"Alisema nini baadaye?" nikauliza.

"Nilikata, dada," akasema akicheka. "Mutu anakuja kucheza, hakuji kusikia hotuba."

"Huyo ni baba yangu."

Akaacha kucheka. "Pole sana. Kaseti yenye maneno yote iko ya mama hajati anayeuza vitenge, pale sokoni."

Ijumaa, siku ya soko, nilimpata hajati. Kaseti alikuwa amempa dereva wa lori la samaki wa Katunguru. Nilienda Katunguru mara tatu mpaka nikamkuta.

"Redio ya lori imeimeza," akasema. "Nimeipeleka kwa fundi."

Mama anausikiliza wimbo ule kila jioni, na kila jioni ananiuliza, "Kwa sababu gani?" Nimeshaenda kwa fundi mara mbili. Redio bado hajaifungua.