Fundi Pima na ghorofa ya stroberi

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuchoma bati la paa, na Fundi Pima ameinama juu ya meza ya jikoni kwake, jicho moja kalifumba. Mezani ameweka pima maji, ile ile ya kazini, yenye kioo kilichofifia na povu dogo linalocheza katikati. Povu linakimbilia kushoto kidogo. Anachomoa kipande cha kadibodi mfukoni, anakikunja, anakisokomeza chini ya mguu wa meza, kisha anarudi kuangalia.

"Hapo sawa," anasema. "Mama Mapacha, lete jeli."

Mkewe analeta sufuria ya jeli nyekundu, imepoa lakini haijaganda. Fundi Pima anaimimina taratibu kwenye bakuli la kioo lenye upana wa beseni, juu ya keki na forosadi alizozipanga chini. Anaipitishia mgongoni mwa kijiko ili isichimbe keki. Ikishatulia, anavuta kiti, anakaa, anaitazama tu.

Kiangazi hiki, mtaani kwao ukisema "ghorofa" watu hawafikirii jengo. Wanafikiria bakuli hili: keki chini, jeli ya forosadi juu yake, kastadi ya njano, stroberi zilizokatwa vipande na kubandikwa kwenye kioo zikikukodolea macho, halafu krimu, nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Siku za kuzaliwa, harusi, mahafali, watu wanataka ghorofa.

Lakini bakuli la leo si kama mengine, ndiyo maana tangu aamke hajagusa hata chai.

Jina la Pima alipewa na wenzake kwenye ujenzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mwashi, na alikuwa haweki tofali bila kupima. Msimamizi wao alikuwa mzee mmoja mkavu ambaye, kwenye ukaguzi, alikuwa na maneno mawili tu. Anasimama mbele ya ukuta, anafumba jicho moja, anatazama. Ukiwa umenyooka anasema, "Endelea." Ukiwa umepinda hata kwa unene wa ukucha anasema, "Bomoa." Hana la tatu. Awe fundi amechoka, awe ana harusi kesho, yeye hajali. Mafundi wakambandika jina la Mzee Bomoa, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

"Mimi nilikuwa namwota kabisa," anacheka Fundi Pima. "Nimemaliza ukuta wangu safi, nimejifuta jasho, mara huyo anatokea. Bomoa! Naamka nimeloa."

Miaka mitatu iliyopita ubao wa jukwaa uliachia na Fundi Pima akaanguka kutoka juu. Nyonga ikavunjika, na mguu wa kulia. Alipona, ila sasa anatembea kwa fimbo, na kupanda jukwaa ndiyo basi tena.

Wenzake walimtembelea hospitali wakiwa na machungwa na utani wao. Akawaambia mwezi ujao angerudi kazini. Mwezi ukapita, na mwingine. Akabadilisha namba ya simu. Akawa akiwaona kwa mbali barabarani, anaingia duka lolote lililo karibu.

"Siku moja niliingia saluni ya kina mama," anasema. "Nikakaa pale kwenye kiti, eti namsubiri mke wangu. Niliona aibu, sikufichi. Fundi asiyepanda jukwaa ni fundi gani? Nilijiona kopo tupu."

Mama Mapacha anadakia kutoka kwenye sinki: "Mimi nikaulizwa na wenye saluni, mbona mumeo amekuja kusukwa?"

Yeye ndiye aliyemtoa kitandani. Alikuwa akioka keki za kuuza tangu mapacha wao wakiwa wadogo, na mteja mmoja alipotaka kitu cha matunda cha tabaka tabaka, alijijua hana subira hiyo. Akamwita mumewe.

"Nikamwambia, Baba Mapacha, wewe si umezoea kupanga? Njoo upange."

Bakuli la kwanza lilikuwa kichekesho. Fundi Pima alimwaga kastadi ya moto juu ya jeli, jeli ikayeyuka, vyote vikawa uji wa waridi. "Mimi, niliyewafokea vibarua miaka nenda miaka rudi wasipande juu ya zege bichi!" anasema huku akijipiga paji la uso.

Mara ya pili alitulia. Kila tabaka lilisubiri lenzake ligande kwenye friji, na meza ilipimwa kabla ya kila hatua. Walipolitoa bakuli, matabaka yote yalikuwa yamelala upande mmoja. Alipima meza, akasahau kupima friji. Mama Mapacha akaweka mikono kiunoni, akafumba jicho moja, akasema kwa sauti nzito, "Bomoa."

Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Wakalibomoa pamoja naye, kwa vijiko vya chai. Tangu siku hiyo friji yao ina kipande cha kigae chini ya mguu mmoja wa nyuma, na bakuli kubwa likitoka pale huwaingizia karibu sawa na ujira wa siku tatu za kupanga tofali. Msimu wa stroberi ukiisha wanarudi kwenye keki za kawaida na kufunga mkanda.

Halafu, wiki mbili zilizopita, dada mmoja mchangamfu alikuja kuagiza bakuli kubwa kuliko yote. Baba yake anastaafu, alisema, na watoto wanamfanyia sherehe na kuwaalika mafundi wote aliowahi kuwasimamia. Mama Mapacha alimuuliza baba mwenyewe ni nani. Alipoambiwa, alipokea oda na pesa, akafunga mlango, ndipo akamwambia mumewe kwamba ni Mzee Bomoa.

"Mrudishie hela zake," Fundi Pima alisema.

"Unaogopa jeli?"

"Siogopi jeli. Naogopa macho yao."

"Basi macho yatakuwa kwenye bakuli. Wewe kaa nyuma yake."

Saa kumi jioni teksi inasimama mbele ya ukumbi. Njia nzima Fundi Pima alikuwa kiti cha nyuma, mikono yote miwili imelikumbatia bakuli, akimwambia dereva polepole kaka, tuta hilo, tuta jingine hilo. Sasa kuna ngazi tatu mlangoni. Yeye ana fimbo, na bakuli ni zito kwa mkewe peke yake. Anazitazama zile ngazi. Kwa muda inaonekana kama atarudi garini.

Mtu mmoja mrefu aliyekuwa anakunywa soda mlangoni anashusha chupa yake.

"Pima?"

Fundi Pima anageukia teksi.

"We Pima! Jamani, Pima huyu hapa! Sisi tunajua umehamia ng'ambo, kumbe umejificha na ndevu zako!"

Wanatoka wengine. Mmoja anamshika bega, mwingine anaichukua fimbo na kuipima kwa jicho kama ubao, wote wanaongea kwa pamoja. Fundi Pima anawashika mikono mmoja mmoja. Ndipo yule mrefu anapoliona bakuli.

"Mzigo huo unaingia? Haya, wanne!"

Na wanaume wanne wenye suti za sherehe wanalibeba bakuli la kioo jinsi walivyozoea kubeba mbao za zege. Shika huko! Nimeshika! Pandisha! Kushoto kidogo, kushoto, kwani wewe kushoto hukujui? Shusha, shusha, tua. Linatua katikati ya meza ya heshima bila stroberi hata moja kuhama.

Mzee mwenye sherehe ananyanyuka kwenye kiti chake. Amepungua mwili, lakini macho ni yale yale. Anaitazama fimbo, anamtazama mwenye fimbo, kisha anaelekeza kidole kwenye bakuli.

"Nani kapanga hii?"

"Mimi, mzee."

"Pima maji unayo?"

Fundi Pima anaitoa kwenye mfuko wa koti. Watu zaidi ya mia ukumbini wanasogea wapate kuona. Mzee anailaza juu ya ukingo wa bakuli, anasubiri povu litulie. Anainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti, anafumba jicho moja na kukagua kupitia kioo: nyekundu, njano, nyeupe. Anazunguka meza, anakagua na upande wa pili. Mama Mapacha amejiziba mdomo kwa mtandio.

"Endelea," anasema mzee.

Ukumbi unalipuka. Mafundi wanapiga meza kwa viganja, yule mrefu anarusha kofia yake juu. Mzee anainua mkono mpaka watulie, anachukua kijiko kikubwa na kumkabidhi fundi wake.

"Sasa," anasema, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya yeyote aliyekuwepo, anatabasamu, "bomoa."

Bakuli lile halikumaliza robo saa. Watu walilamba visahani. Oda sita zilipatikana pale pale, mbili zikiwa za harusi, na Fundi Pima alirudi nyumbani akiwa amekauka koo kwa kucheka.

Hata hivyo, siku mbili baadaye alikiri kwamba kuna jambo lilikuwa bado linamkera.

"Wenzangu nimewapata, namshukuru Mungu. Ila najiuliza, yule mzee alisema endelea kwa sababu kazi imenyooka, au kwa sababu nina fimbo?"

Jibu lilikuja Jumamosi. Ndoto yake kwa muda mrefu ni kujenga jiko nyuma ya nyumba, lenye nafasi ya friji mbili. "Nataka jiko ambalo sakafu yake haitaki kadibodi," anasema. Alipowadokeza wenzake, hawakungoja kuambiwa mara mbili. Asubuhi hiyo ua umejaa mchanga, ndoo na kelele. Msingi upo tayari. Fundi Pima amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mbaya ameunyoosha mbele, mwiko mkononi, anapanga mstari wa kwanza wa tofali mwenyewe.

Mzee Bomoa hakualikwa. Amekuja tu, na kiti chake. Mstari unapokamilika ananyanyuka, anaufuata pole pole mpaka kwenye kona, anafumba jicho moja.

"Bomoa."

Miiko inasimama hewani. Mafundi wanatazamana. Yule mrefu anakohoa.

"Mzee, lakini mwenzetu mguu wake…"

"Mguu haupangi tofali. Tatu za mwisho zimetoka nje. Bomoa."

Fundi Pima anaitupia jicho kamba ya kunyooshea mstari. Kweli, zimetoka. Anaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni na kumtikisa mpaka ndoo inayumba, machozi yanamtiririka naye hayafuti. Anazing'oa zile tofali tatu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefungua zawadi.

"Mama Mapacha!" anaita kuelekea dirisha la jikoni. "Acha jeli, njoo usikie! Nimeambiwa nibomoe!"